Je, wajua? Kwa nini uga wa kwanta hauzidishiki?

Nadharia ya uga wa kwanta, inayoeleza chembe ndogo kabisa kama mitikisiko ya uga (kitu kilichoenea kila mahali), hukokotoa usumaku wa elektroni, na maabara huukuta uleule kwa zaidi ya tarakimu kumi. Hata hivyo, katika pande nne tunamoishi (urefu, upana, kimo na wakati), hakuna aliyethibitisha kihisabati kwamba nadharia hiyo ipo bila kujipinga.

Kikwazo ni kuzidisha. Uga hutikisika hata kwenye ombwe, na kadiri unavyousogelea ndivyo unavyotikisika zaidi. Kwenye nukta moja hauna thamani. Unaweza kupata wastani wake katika eneo dogo tu. Lakini milinganyo inataka uzidishwe wenyewe kwa wenyewe papo hapo kwenye nukta, mara nne katika mfano mwepesi uitwao fai-nne.

Dawa ni kutandaza wavu, kukokotoa kwenye mafundo yake tu, kisha kuzidi kupunguza jicho la wavu. Angalia wastani wa mraba wa uga kila jicho linapopunguzwa nusu. Katika pande 2 huongezeka kiasi kilekile, takriban 0.11. Katika pande 3 hukaribia maradufu. Katika pande 4, mara nne. Ziada hiyo lazima itolewe kabla jicho halijafika sifuri. Wanahisabati James Glimm na Arthur Jaffe waliweza kuitoa kwa pande 2 mwishoni mwa miaka ya 1960, na pande 3 zikafuata miaka ya 1970. Kwa pande 4, Michael Aizenman na Hugo Duminil-Copin walionyesha mwaka 2021 kwamba fai-nne iliyojengwa hivyo huishia patupu: mwingiliano wote unayeyuka, zinabaki chembe zinazopishana bila kugusana.

Mbona basi tarakimu za elektroni zinakubali? Kwa sababu hesabu yake ni mfululizo wa hatua zinazojumlishwa, kila moja ikiwa ndogo kuliko iliyotangulia, nao hukatwa mapema. Mwanafizikia Freeman Dyson alieleza mwaka 1952 kwamba mfululizo huo ukiendelezwa bila kikomo hautulii kwenye jibu moja: ukigeuza ishara ya mraba wa chaji, elektroni zitavutana na ombwe litaporomoka. Kwa makadirio, hatua huzidi kuwa ndogo hadi karibu ile ya 137, kisha huanza kukua. Wakokotoaji wamefika hatua ya 5, kwa hiyo bado wako salama.

Tumaini kubwa liko kwa nadharia ya Yang-Mills, aina ya nadharia ya uga inayotumika kueleza nguvu za ndani ya kiini cha atomu, ambayo nguvu yake hufifia kadiri umbali unavyopungua. Tangu mwaka 2000 Taasisi ya Hisabati ya Clay ya Marekani imeweka dola milioni 1 kwa atakayethibitisha kwamba ipo katika pande 4, na kwamba chembe yake nyepesi kuliko zote ina tungamo. Fedha hizo bado hazijachukuliwa.