Usituletee gamba la kasa ofisini, tuite ufuoni

Kampeni ya kulinda kasa imewaamsha watu wa Mombasa, na tunashukuru. Ila sasa sisi watafiti wa kasa tunaletewa vitu kwa magunia. Mzee mmoja wa Likoni alikuja na gamba la ng'amba, aina mojawapo ya kasa, limesuguliwa na kupakwa vanishi likang'aa kama meza ya sebuleni. "Nasikia mwapima DNA. Basi pimeni hili." Nikamuuliza lilitoka wapi. Alilinunua zamani, hakumbuki kwa nani.

Sampuli isiyo na mahali ni hasara kwetu, na nitasema kwa nini. Kasa jike akikomaa hurudi kutaga katika eneo alikoanguliwa. Kuna sehemu ya DNA ambayo mtoto huirithi kwa mama pekee, kwa hiyo baada ya vizazi vingi kila eneo la kutagia huwa na mchanganyiko wake wa alama. Kasa anayekula nyasi za bahari hapa kwetu tunamlinganisha na alama hizo: huenda mamake alitaga Komoro, au Shelisheli. Katika kisiwa cha Europa, kusini mwa Mlango wa Msumbiji, watafiti walikuta kasa wengi wenye alama za Atlantiki, ushahidi kwamba wazee wao walizunguka Rasi ya Tumaini Jema, kule Afrika Kusini. Mimi jambo hili bado hunisisimua.

Lakini hapana, DNA haitaji ufuo. Haiwezi kusema huyu ni wa Nyali na yule ni wa Kikambala, kwa sababu maeneo mengine yanashiriki alama zilezile. Tunachopata ni makadirio ya eneo. Nimelieleza hili barazani mara nyingi mno, na bado naulizwa kasa "wetu" ni yupi.

Sasa utaratibu. Usikate chochote. Sampuli huchukuliwa na mtafiti mwenye leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na idhini ya KWS, shirika la wanyamapori: kipande cha ngozi ya kikono, kama punje ya mchele, kinatiwa ndani ya spiriti, kinaandikwa tarehe, mahali na kipimo cha gamba. Kikivuka mpaka kwenda maabara ya nje, hata kiwe kidogo vipi, kinahitaji vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, cha kutoa na cha kuingiza. Kukaa na gamba, nyama au mafuta ya kasa bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013, hata kama gamba uliachiwa na babu. Adhabu ni faini ya mamilioni ya shilingi, au kifungo cha miaka, au vyote viwili.

Kasa akinaswa kwenye jarife, yaani wavu wako, yu hai, usimburute kwa vikono. Piga simu KWS au mwambie mwenyekiti wa BMU, kamati ya wavuvi ya ufuoni, mweke kivulini, mfunike gamba kwa kitambaa kilicholowa, pua usizibe. Aliyekufa mwache palepale alipolala. Kumbuka ulipotega wavu: hilo ndilo tutakalokuuliza kwanza.