Safari fupi za biashara Ulaya: viza ipi uombe, na siku zinahesabiwaje

Tarehe 12 Oktoba 2025 nchi za Schengen, yaani nchi 29 za Ulaya zinazotumia viza moja ya safari fupi, zilianza, kwa awamu, kusajili kwa kompyuta kila msafiri wa kigeni anayeingia na kutoka. Tangu hapo dawati letu la ushauri kwa wauzaji wa bidhaa na huduma nje ya nchi linapokea swali lile lile: "Nina viza ya mwaka mzima, mbona naambiwa siku zangu zimekwisha?"

Zimekwisha kwa sababu ulipewa siku, hukupewa mwaka. Tarehe mbili zilizo kwenye stika ya viza zinaonyesha kipindi unachoweza kuingia. Neno MULT lina maana unaweza kuingia mara nyingi. Idadi ya siku za kukaa imeandikwa mahali pake, na wengi hawapasomi. Siku hizo hazizidi 90 ndani ya kila siku 180, zikihesabiwa kurudi nyuma kutoka kila siku unayokuwa huko, kwa nchi zote 29 zikijumlishwa. Hakuna 90 za Ujerumani na nyingine 90 za Uholanzi. Wapo pia wanaoamini kwamba ukirudi ukalala Nairobi usiku mmoja hesabu inaanza upya. Haianzi.

Tuchukue wakala wa utalii wa Arusha. Ameingia Januari 5 na kutoka Februari 13: siku 40, kwani siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabika. Akarudi Mei 1 hadi Juni 14: siku 45. Jumla 85. Akiingia tena Juni 20 ana siku tano tu, na kuanzia Juni 25 amezidisha. Akisubiri hadi Julai 4, ile Januari 5 inakuwa imetoka kwenye dirisha la siku 180, na kila siku inayofuata inamrudishia siku moja. Zamani mhuri uliofifia uliweza kumsitiri mtu. Sasa mfumo unahesabu wenyewe.

Kuhusu viza ya kuomba: mwenye safari moja aombe ya kuingia mara moja, basi. Anayekwenda kwenye maonyesho ya utalii ya ITB Berlin kila Machi na kurudi baadaye kuonana na wanunuzi aombe ya kuingia mara nyingi, lakini aithibitishe haja hiyo. Kuweka alama kwenye fomu hakutoshi. Ambatisha mikataba, mialiko na kalenda ya maonyesho. Kanuni za sasa, zinazotumika tangu Februari 2020, zina ngazi: aliyepata na kutumia kihalali viza tatu ndani ya miaka miwili hupewa ya mwaka mmoja, kisha ya miaka miwili, kisha mitano. Ubalozi bado una mamlaka ya kupunguza, na pasipoti inayokaribia kuisha nayo inafupisha viza. Ombi linapelekwa kwa nchi ambayo ndiyo hasa lengo la safari. Kuomba kwa nchi unayosikia "ni rahisi" kisha kushukia kwingine ni kujiharibia rekodi, na tunashangaa kwamba watu wazima wenye kampuni bado wanafuata ushauri huo wa madalali.

Bima ya matibabu iwe ya angalau yuro 30,000. Kwa viza ya kuingia mara nyingi unaonyesha bima ya safari ya kwanza na kutia saini kwamba utakata nyingine kwa kila safari. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, hairudishwi ukinyimwa. Ukinyimwa utapewa sababu kwa maandishi, na una haki ya kukata rufaa. Alama za vidole zilizochukuliwa ndani ya miezi 59 kwa kawaida hazichukuliwi tena.

Kuzidisha siku kunaweza kuleta faini, ambayo kila nchi inajipangia, na hata marufuku ya kuingia eneo zima. Kumbukumbu za safari hukaa miaka mitatu, au mitano kama kutoka kwako hakukusajiliwa. Kwa hiyo hakikisha umesajiliwa unapotoka.

Viza hii inakuruhusu kusimama kwenye banda lako, kujadili bei na kusaini mkataba. Yenyewe haikupi haki ya kuajiriwa huko. Wala haikufikishi London, kwa kuwa Uingereza ina viza yake.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Uamuzi huchukua siku 15, lakini unaweza kufika 45. Mwenye safari ya Machi anaweza kuanza Septemba.