Je, wajua kwa nini nanga hung'olewa omoni, yaani mbele ya chombo, wala si tezini, nyuma yake?

Mzee mmoja wa Mtongwe, Mombasa, huvua peke yake. Boti yake ni ya faiba, mita tano hivi, mashine ya farasi 15 imefungwa nyuma. Alfajiri huteremka mlango wa Kilindini, akatoka nje ya miamba kutafuta changu na tewa kwa mshipi. Siku niliyofuatana naye aliniweka kati ya boti, akaniambia nijifanye sipo, nitazame tu afanyavyo akiwa pekee.

Samaki walikuwa wa kawaida. Kilichonishangaza ni wakati wa kuondoka. Mzee alikuwa ameketi tezini kando ya mashine, na kamba ya nanga angeweza kuivuta ikamfikia pale pale. Badala yake akatambaa kwa magoti mpaka omoni, umri wote ule, boti ikiyumba.

"Ami, si ungevutia hapo ulipokuwa?"

"Nikivutia pale," akasema bila kugeuka, "leo twarudi nyumbani kwa kuogelea."

Nilidhani ananitania. Baadaye nikaja kuelewa kwamba mzaha ulikuwa mdogo sana katika maneno yale.

Tuanze na jambo ambalo wengi hulikosea. Watu hudhani ugumu wa kung'oa nanga ni uzito wa chuma. Nanga ya kilo 6 ikiwa majini hubaki na uzito wa kilo 5 na robo hivi, kwa sababu maji inayoyasukuma kando huibeba kidogo. Uzito huo hata mtoto wa shule atauvuta, mradi awe na subira. Nanga haikishiki chombo kwa uzito wake, hushika kwa kucha. Kamba ikiwa ndefu, mara tano ya kina cha maji au zaidi, hulala. Mvuto unaifikia nanga kwa ubavu na kucha zinazidi kujichimbia mchangani. Kamba ikisimama wima, mvuto huo huo unatoka juu, na kucha zinachomoka. Kwa hiyo baharia anayejua kazi yake havuti chuma kije chomboni. Hukipeleka chombo mpaka juu ya chuma.

Hayo ni ya mchangani. Nje ya Nyali, au ukishuka upande wa Shelly Beach, chini kuna matumbawe, na matumbawe yana mapango na nyufa. Ukucha ukiingia chini ya jiwe, kamba hata ikisimama wima kama mlingoti, nanga haitoki. Sasa boti imefungwa na jiwe la bahari, kamba ni fupi na imekaza. Hapo ndipo wimbi linapoingia kwenye hesabu.

Wimbi likija huinua kila kinachoelea. Likiwa la mita moja, boti nzima inataka kupanda mita moja. Ila pale kamba ilipofungwa hapapandi, kwa kuwa kamba haina cha kuongeza. Maji yanapanda, boti imeshikwa. Kama kamba imeshikwa omoni, omo huzama kidogo, hulipasua wimbi, kisha huibuka. Ndivyo omo lilivyoundwa, liko juu, ni jembamba, na linatanuka kadiri linavyopanda. Utalowa, utatukana, utaendelea na kazi.

Tezi halikuundwa hivyo. Ni bapa, na katika boti nyingi ndogo limekatwa katikati ili mashine ikae. Ubao wa kufungia mashine yenye mguu mfupi huwa na urefu wa sentimita 38 hivi kutoka chini ya boti hadi juu, na wa mguu mrefu kama 51. Toa sehemu iliyo ndani ya maji, toa uzito wa mashine unaolikandamiza tezi saa zote, toa uzito wa mvuvi mwenyewe aliyeinama pale akivuta. Kinachobaki kati ya bahari na ndani ya boti ni kama shubiri moja. Halafu ongeza kamba inayovuta tezi hilo hilo chini.

Wimbi la kwanza huingia. Si lazima liwe kubwa. Boti ya urefu wa mita 4 na upana wa mita moja na nusu, ikijaa maji ya sentimita 10 tu, yaani yasiyofika hata nusu ya muundi, imebeba zaidi ya nusu tani. Na mzigo huo si kama magunia ya unga yanayokaa ulipoyaweka. Maji hukimbilia upande ulioinama, na upande ulioinama tayari ni tezi. Wimbi la pili halihitaji hata kupanda. Linakuta mlango uko wazi. Wahenga walisema tezi na omo, marejeo ni ngamani, yaani chini kabisa ndani ya chombo, maji yanakokusanyika. Najua walikuwa wakizungumzia mengine, lakini maji nayo yana tabia hiyo, popote yanapoingilia huishia ngamani, ila yanayoingilia tezini hayakupi nafasi ya kuyafua, yaani kuyachota na kuyamwaga nje.

Kisa kilicholifanya jambo hili lijulikane mbali hakikutokea kwetu. Tarehe 28 Februari 2009, wanaume wanne walikwenda kuvua katika Ghuba ya Meksiko, nje ya Clearwater, Florida. Wawili kati yao, Marquis Cooper na Corey Smith, walikuwa wachezaji wa NFL, ligi ya kandanda ya Kimarekani, watu wenye miili na nguvu zao. Boti yao ilikuwa ya futi 21, kama mita 6 na nusu. Walipotaka kurudi nanga ikagoma. Wakaifunga kamba tezini, wakakanyaga moto mashine iing'oe. Tezi likashuka, maji yakaingia, boti ikapinduka. Uchunguzi wa mamlaka ya jimbo ulitaja hasa kule kuing'oa nanga kwa tezi kuwa chanzo. Aliyepatikana hai ni mmoja, Nick Schuyler, tarehe 2 Machi, akiwa juu ya boti iliyopinduka. Walikuwa wanne, wenye mashine kubwa. Kosa lile lile likifanywa na mtu mmoja hakuna wa kumwambia acha.

Kuna kosa dogo la jirani yake ambalo nadhani ndilo linalowapata wengi zaidi, kuvutia ubavuni. Mtu haendi tezini, anajua hatari yake, ila anaona omo ni mbali, anavuta kamba ikipita juu ya ukingo wa kati. Boti inalalia upande huo, yeye mwenyewe ameinamia upande huo, na wimbi linamjia ubavu. Unaposimama wewe si neno kubwa. Linalohesabika ni mahali kamba inapogusa boti. Yule mzee alikuwa na dawa rahisi. Omoni ana pete ya chuma, kamba hupita ndani ya pete ndipo irudi kati ya boti. Akishaianzisha kazi omoni, hurudi akapiga magoti katikati, chini, penye utulivu, akavuta kutoka hapo. Nguvu yote inaangukia omoni ingawa yeye hayuko omoni.

Lakini kabla ya kuigusa kamba alifanya mambo mawili. Kwanza alikaa akatazama. Boti iliyotiwa nanga hugombewa na upepo na mkondo, na pwani hii wawili hao hawasikilizani kila siku. Mkondo wa nje huelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi, upepo utokao kusini, upepo unaufuata. Wakati wa kaskazi, upepo utokao kaskazini, upepo unaupinga, na bahari hiyo huwa na mawimbi mafupi yenye kusimama. Mlangoni Kilindini nako maji yakipwa yanakutana na mawimbi yanayoingia, ni hadithi hiyo hiyo. Ukijua nani anaivuta boti utajua itaelekea wapi nanga itakapoachia, maana ikiachia hutakuwa na mikono ya kushika usukani.

Pili, alijifunga mkononi ile kamba fupi ya kuzimia mashine. Watu wengi huiacha ikining'inia kama pambo. Aliye na mwenzake akianguka, mwenzake atageuza boti. Aliye pekee akianguka na mashine iko gia, boti itakwenda zake Pemba naye atabaki kuitazama. Jaketi la kuokoa maisha alilivaa tangu Mtongwe, hilo halikuwa na mjadala.

Kisha akatia gia ya mbele, polepole, boti ikasogea kuelekea nanga iliko. Akarudisha nyutro. Akakusanya kamba iliyolegea. Gia tena, nyutro tena. Hakuvuta hata mara moja propela ikizunguka, kwa sababu kamba iliyolegea hupenda kuingia chini ya boti, na ikijisokota kwenye propela umejifunga tezini kwa mkono wako mwenyewe. Kamba aliyoivuta aliiangusha ndani ya ndoo pana, si sakafuni. Kamba iliyotapakaa miguuni ni mtego. Nanga ikirudi chini ghafla itaondoka na kifundo cha mguu.

Kamba iliposimama wima hakushindana nayo. Aliizungusha mara moja kwenye kigingi, bila fundo, mwisho ukiwa mkononi. Omo liliposhuka bondeni mwa wimbi alikusanya kiasi kilicholegea. Lilipopanda aliacha boti yenyewe ivute. Mara ya tatu nikasikia kamba imelegea, nanga imetoka. Bahari ndiyo iliyofanya kazi, yeye alishika tu hesabu. Na kwa kuwa hakukuwa na fundo, ingegoma angeiachia kwa kufungua vidole.

Wavuaji wa maji marefu wana njia nyingine, ya boya. Boya kubwa lenye pete huvishwa kwenye kamba, boti inaondoka polepole kwa pembeni ya mstari wa kamba, isipite juu yake. Boya linakataa kuzama, kamba inateleza ndani ya pete, na nanga inapanda yenyewe mpaka kwenye boya. Inafaa mgongo wenye umri. Ila boya liwe la kubeba uzito wa nanga na mnyororo wake, kamba ibaki imefungwa omoni, na nanga iliyonasa kwenye jiwe isijaribiwe kwa njia hii. Utakuwa umerudia ya Florida kwa adabu zaidi.

Sasa ikigoma kabisa? Methali yetu inasema kamba hukatikia pembamba. Swali la baharia ni moja, pembamba pako wapi, na nani amepachagua. Usipopachagua wewe, bahari itapachagua, na huenda ikachagua tezi lako. Nanga nyingi za wavuvi wadogo hutengenezwa kwa nondo, kucha nne zilizopindwa. Mgeni huziona duni. Lakini nondo ikivutwa sana hunyooka, ukucha ukatoka jiweni, na nyumbani ukaupinda tena kwa nyundo. Kule kunyooka ndiko pembamba pake. Wenye nanga za dukani hufanya hivi: mnyororo hufungwa kwenye kitako cha nanga, upande wa kucha, kisha hushikizwa kwenye pete ya juu kwa uzi mwembamba wa nailoni. Siku za kawaida uzi unatosha na nanga huvutwa kwa kichwa. Ikinasa, uzi hukatika, mvuto unahamia kitakoni, na nanga inatoka kinyumenyume kama mtu aliyekwama dirishani akarudi alikoingilia.

Unaweza pia kuizunguka kwa boti, polepole na kwa duara pana, uivute kutoka upande usio ule ulioingilia. Kamba omoni. Siku zote omoni.

(Ndani ya hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotengwa mwaka 1986, boti za watalii hufungwa kwenye maboya badala ya kutupa nanga. Jiwe linalotukera sisi ni tumbawe lililo hai, na nanga inayovutwa hulivunja.)

Pembamba pa mwisho ni kisu. Yule mzee hukifunga omoni kwa kijikamba, si kwenye sanduku, si mfukoni chini ya jaketi. Nilimuuliza kama amewahi kukitumia. Akaniambia ilikuwa bamvua, siku za maji makubwa, mwezi mpevu, maji yakipwa kwa nguvu, pale ambapo tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Nanga ikagoma, omo likaanza kuinama kila wimbi. Hakungoja wimbi la nne. Akaongeza kamba yote aliyokuwa nayo ili boti ipumue, akafunga jerikeni tupu ya lita 20 kwenye kamba ya upande wa baharini, ndipo akakata.

Wiki moja baadaye, maji mafu, siku ambazo kujaa na kupwa ni kudogo, mkondo umelala, akarudi na mpwa wake. Jerikeni ilikuwa pale pale, imeota ukungu wa kijani. Wakaishika kamba, wakaipitisha omoni, wakasogea upande wa pili wa jiwe. Mpwa akavuta mara mbili kwa mkono mmoja, nanga ikaja.