Dhima ya Mdhamini wa Mkopo

Mdhamini wa mkopo si shahidi. Shahidi huthibitisha kwamba ameona sahihi ikiwekwa na kazi yake huishia hapo, ilhali mdhamini hujifunga kulipa deni la mtu mwingine endapo mtu huyo hatalipa. Pamoja na ukubwa wa tofauti hiyo, katika fomu nyingi za mikopo nafasi za sahihi za watu hao wawili hukaa karibukaribu, na mtu aliyepigiwa simu na ndugu yake aje mara moja amalizie fomu huweka sahihi bila hata kusoma kichwa cha sehemu anayoijaza. Miezi kadhaa baadaye hupokea hati ya madai, na hapo ndipo huanza kutafuta mwanasheria.

Kwa Tanzania Bara, udhamini unaongozwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo ilianza kutumika mwaka 1961 na kwa sehemu kubwa ilifuata mpangilio wa Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872. (Zanzibar ina sheria yake ya mikataba.) Msingi wake ni kwamba dhima ya mdhamini, yaani wajibu wake wa kulipa, inalingana na dhima ya mkopaji, isipokuwa pale ambapo mkataba wenyewe umeeleza vinginevyo. Kwa hiyo mdhamini hadaiwi kiasi kilichokopwa peke yake, bali pia riba, adhabu ya kuchelewesha marejesho na gharama nyingine ambazo mkopaji angepaswa kuzilipa kwa mujibu wa mkataba.

Linalowashtua wengi ni jambo jingine: mkataba usipoweka sharti hilo, mkopeshaji halazimiki kumshtaki mkopaji kwanza, wala kuuza kwanza mali iliyowekwa rehani, ndipo amfuate mdhamini. Mkopaji akishindwa kulipa kwa wakati, mkopeshaji ana hiari ya kumdai yeyote kati yao au wote kwa pamoja. Si ajabu basi kwamba mwalimu au muuguzi ambaye mshahara wake unajulikana unaingia benki tarehe gani hufuatwa mapema kuliko mkopaji ambaye duka lake limefungwa na simu yake haipatikani. Kwa mwanachama wa SACCOS (chama cha ushirika cha akiba na mikopo), akiba na hisa zake mwenyewe huweza kuzuiwa au kukatwa ili kufidia deni la mwenzake, kutegemea masharti ya chama na fomu aliyosaini.

Wadhamini wanapokuwa zaidi ya mmoja, fomu huwa na maneno “kwa pamoja na kila mmoja peke yake”. Maneno hayo yasomwe kwa makini. Tuchukulie kwamba wadhamini ni watatu na deni lililobaki ni shilingi milioni 6. Wengi hudhani kwamba kila mmoja atadaiwa milioni 2, lakini kwa maneno hayo mkopeshaji anaweza kumdai mmoja wao milioni 6 zote. Aliyelipa ndiye atakayehangaika kurejeshewa: ana haki ya kumdai mkopaji fedha zote alizolipa kihalali, au kuwadai wadhamini wenzake kila mmoja milioni 2 yake, na pia ana haki ya kunufaika na dhamana ambazo mkopeshaji alikuwa akizishikilia. Kwenye karatasi haki hizo ni nzuri. Kiutendaji, kumdai mtu ambaye benki yenyewe imeshindwa kumpata ni kazi nzito, na ni heri mdhamini alitambue hilo kabla ya kusaini.

Sheria hailindi mkopeshaji peke yake. Masharti ya mkopo yakibadilishwa bila ridhaa ya mdhamini, kwa mfano kuongeza kiasi cha mkopo au kupandisha riba, mdhamini huachiliwa kwa yale yanayofuata baada ya mabadiliko hayo. Vilevile mkopeshaji akimwachilia mkopaji kwa makubaliano, au akipoteza dhamana aliyokuwa ameishika, dhima ya mdhamini hufutika au hupungua kwa thamani ya kilichopotea. Kuchelewa tu kumshtaki mkopaji, hata hivyo, hakumwachilii mdhamini. Tatizo ni kwamba mikataba mingi iliyoandaliwa na wakopeshaji huwa na kifungu kinachomfanya mdhamini akubali mapema mabadiliko yoyote yatakayofanywa. Kwa maoni yangu, hicho ndicho kifungu cha kwanza cha kutafutwa, na cha pili ni ukomo wa kiasi. Mdhamini anayo haki ya kuomba iandikwe kwamba dhima yake haitazidi kiasi fulani. Wachache sana huomba, ingawa mkopeshaji anayemhitaji mara nyingi hana sababu ya kukataa.

Wanandoa nao huchanganywa. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inataka ridhaa ya mwenzi pale nyumba ya familia inapowekwa rehani, na kutoa ridhaa hiyo hakumfanyi mwenzi kuwa mdhamini wa deni. Lakini akiletewa karatasi mbili kwa pamoja na moja ikawa ni hati ya udhamini binafsi, akaisaini, atadaiwa hata kwa salio litakalobaki baada ya nyumba kuuzwa. Mtu aliyeweka nyumba yake rehani kwa ajili ya mkopo wa mwingine bila kusaini udhamini binafsi, kwa kawaida hupoteza nyumba pekee.

Kuna pia udhamini endelevu, unaohusu mikopo inayofuatana, kama ule wa mfanyabiashara anayechukua na kurejesha fedha mara kwa mara. Mdhamini anaweza kuusitisha kwa mikopo ijayo kwa kumpa mkopeshaji taarifa. Taarifa hiyo iwe ya maandishi, na nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Kifo cha mdhamini nacho husitisha udhamini huo kwa mikopo ya baadaye, isipokuwa mkataba ukisema vinginevyo, lakini madeni yaliyokwisha kufanyika hubaki kuwa mzigo wa mirathi yake, na msimamizi wa mirathi hulazimika kuyalipa kabla warithi hawajagawiwa chochote.