Kujaza uga ambao jina lake linajulikana programu ikiwa inaendeshwa

Tuseme unatengeneza programu ya hesabu za karafuu kwa wakulima wa Wete. Kila mkulima ana rekodi yake, na rekodi ina nyuga: jina, shehia, kilo. Ukiandika rekodi.kilo = 45, jina la uga limefungwa ndani ya msimbo. Mstari ule hautagusa uga mwengine hata siku moja.

Lakini data huja kwa faili, na vichwa vya safu huandikwa na karani. Msimu huu kaandika kilo, msimu ujao ataongeza makonyo, yaani vikonyo vya karafuu. Hapo jina la uga lenyewe linakuwa data: linakaa ndani ya kigeu (hapa tukiite kichwa), na programu inalisoma ikiwa tayari inakwenda. Katika lugha ya programu ya Python utaandika setattr(rekodi, kichwa, thamani). Katika lugha ya JavaScript ni rekodi[kichwa] = thamani, na mabano hayo ya mraba ndiyo yanayobeba kazi yote. Ukiandika rekodi.kichwa = thamani, lugha itaunda uga unaoitwa "kichwa" na haitalalamika. Wanaoanza hukwama sana hapa, kwa sababu programu inaendelea kama kwamba hakuna kilichoharibika.

Pascal, lugha ya Niklaus Wirth ya mwaka 1970, hairuhusu jambo hili. Kompaila yake, yaani programu inayogeuza msimbo uwe lugha ya mashine, hupanga mapema kila uga ukae wapi kwenye kumbukumbu, na baada ya hapo jina halina kazi tena. Faida yake ni kasi. Python ni kinyume: kwa kawaida huziweka nyuga za kitu ndani ya kamusi, yaani jedwali la majina na thamani zake, na kulitafuta jina humo.

Uhuru huu naupenda, ila unataka ulinzi. Karani akiandika "killo", Python itaongeza uga mpya, na kilo itabaki sifuri. Mkulima atapunjwa jasho lake na hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea. Katika JavaScript, jina __proto__ likiachiwa kupita linaweza kubadilisha kielelezo, yaani kitu ambacho rekodi inarithi sifa zake, na huo ni mlango wa wavamizi. Kwa hivyo weka orodha ya majina yanayokubalika, na ukague kila kichwa kabla ya kukitumia. Katika Python, klasi (ramani ya kuundia rekodi) yenye __slots__, orodha ya nyuga zake, hukataa uga usiotajwa. Na kama majina kweli hayatabiriki, achana na rekodi, tumia kamusi ya kawaida, au Map, ambayo ni kamusi ya JavaScript.