Upepo wa Agosti huku ziwani: tunayodanganyana na yaliyo kweli

Jumamosi iliyopita jirani hapa Nyamasaria, Kisumu, alikuwa anapokea wageni wa mahari, hema mbili zimesimama, viti vya kukodi vimepangwa, mbuzi iko motoni, na kila mtu asubuhi alikuwa ameangalia simu akaona kale kapicha ka jua na kawingu kamoja. Hakuna mvua. Kufika saa kumi na moja jioni hema moja ilikuwa imelalia choo cha nyumba ya pili na wazee wa upande wa bwana harusi wameshikilia kofia na sahani kwa wakati mmoja. Na kweli mvua haikunyesha, hata tone. Basi maneno yakaanza, ati watu wa hali ya hewa ni waongo, ati hao hukaa ofisini kwao Dagoretti Corner huko Nairobi wakichungulia dirishani, ati simu imetudanganya. Mimi sikujibu mtu, nilikuwa nimening'inia kwa kamba. Lakini sasa mikono imepoa, wacha niseme.

"Wamesema hakuna mvua, so hakuna shida"

Hii ndiyo iliangusha hema. Mvua ni kitu kimoja na upepo ni kitu kingine, na hapa Kisumu ule upepo mbaya wa jioni mara nyingi hautoki kwa wingu lililo juu ya kichwa chako, unatoka Nandi na Kericho. Jua likichoma ile milima mchana, hewa inapanda, na kuanzia saa nane saa tisa mawingu yanajijenga huko kama cauliflower (Kericho ni kati ya sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi, uliza mtu yeyote wa majani chai). Sasa mvua ikianza kumwagika kule inashuka pamoja na hewa baridi, nzito, na hiyo hewa ikigonga chini haina mahali pa kupenya, inasambaa, vile ukimwaga ndoo ya maji kwa sakafu ya simiti. Inateremka ile milima, inapita Ahero, inatufikia, ikiwa imeitangulia mvua yenyewe. Siku zingine mvua inaishia njiani na ni upepo tu unafika. Kwa hivyo simu ilisema kweli, hakukunyesha. Sisi ndio hatukuuliza swali la upepo.

Shangazi yangu huanika omena kule Dunga, juu ya neti zilizotandazwa chini, na yeye hana apu yoyote. Mchana kutwa upepo unatoka ziwani, akisimama kuangalia maji unampiga usoni, leso inapeperuka nyuma. Siku unayoona ile leso imelegea ghafla, majani ya mpapai yamenyamaza, kunguru wamehama, ujue. Dakika kidogo baadaye anasikia baridi mgongoni. Hapo hata hageuki kuangalia wingu, ameshainama kukunja neti ya kwanza, anatuita, "Njooni, yamo imegeuka!" Yamo ni upepo kwa Kijaluo. Mara nyingi tunamaliza kukunja ya mwisho mchanga ukianza kutuchapa miguu. Nilikuwa nadhani ni mambo ya uchawi kidogo mpaka nikaja kuelewa kwamba anachosoma ni kile kile ambacho vipimo husoma, mwelekeo umebadilika na joto limeshuka.

Na tukiwa kwa mwelekeo, upepo huitwa kwa jina la unakotoka, sio unakoenda. Ukisikia upepo wa mashariki maana yake unatoka huko Nandi ukija kwetu. Nimeona watu wakibishana hii mpaka chai ikapoa.

"Asubuhi ziwa limetulia, leo ni salama"

Ziwa la asubuhi halikuambii chochote kuhusu ziwa la mchana. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, so hewa inatoka nchi kavu inaenda ziwani, na ndio wavuvi wa tanga walikuwa wanatoka alfajiri wakisukumwa bila jasho. Jua likipanda, nchi kavu inapata joto kuliko maji, mambo yanageuka, upepo unatoka ziwani unakuja mjini na unazidi kupata nguvu mpaka alasiri, na tanga lile lile linawarudisha nyumbani na samaki. Ni kama matatu ya kwenda na kurudi, ratiba inajulikana.

Ya usiku ndiyo mbaya zaidi na ndiyo watu hawaiamini. Wanasema mvua kubwa za katikati ya ziwa usiku huja tu, hazina mwenyewe. Si kweli. Maji ya Victoria yanakaa kwenye nyuzi 24 mpaka 26 hivi karibu mwaka mzima, na usiku ule upepo wa nchi kavu unatoka pande zote, Kenya, Uganda, Tanzania, unaenda kukutana huko juu ya maji yenye joto. Zikigongana hewa haina budi kupanda, na ikipanda na unyevu wote ule unapata radi na dhoruba usiku wa manane mpaka alfajiri. Sasa hesabu mwenyewe ni nani yuko huko saa hiyo. Ni watu wa omena, na taa zao, usiku ambao mwezi umelala. Utabiri wa wavuvi unatoa nguvu ya upepo, mawimbi, mvua na umbali wa kuona, usome kabla ya kununua petroli sio baada.

"Ziwa ni moja, kama Dunga ni shwari Mfangano pia ni shwari"

Wapi! Sisi watu wa Kisumu tunaishi kwenye ghuba, Winam, maji ya kina kifupi ambayo mlango wake ni mwembamba pale Rusinga. Ukishapita hapo kwenda kisiwa cha Mfangano, umetoka nyumba ndogo umeingia uwanjani. Ziwa lote ni kama kilomita mraba 68,800, na ya Kenya ni kama asilimia 6 tu, nyingine zote ni za majirani. Wimbi hukua kulingana na umbali ambao upepo umelisukuma, kwa hivyo upepo ule ule unaotikisa boti kidogo Dunga, ukipewa nafasi ya maji wazi, unaleta ukuta. Lakini pia usidharau ghuba, maji ya kina kifupi hufanya mawimbi mafupi yaliyosimama wima, yanafuatana haraka mpaka mtumbwi haupati muda wa kupumua.

"Noti 25 ni kitu gani, boda inaenda zaidi ya hiyo"

Noti hapa sio pesa, ni kipimo cha mwendo wa upepo (knot). Noti 1 ni kilomita 1.852 kwa saa, so 25 ni kama kilomita 46 kwa saa, na ndio kiwango utakisikia sana kwenye tahadhari za upepo mkali. Boda inafika hiyo bila hata kujaribu, kweli. Shida ni kwamba nguvu ya upepo haiongezeki hatua kwa hatua na mwendo, mwendo ukienda mara mbili nguvu inakuwa mara nne. Upepo wa noti 40 sio upepo wa noti 20 umeongezwa kidogo, ni wanaume wanne wakisukuma hema yako badala ya mmoja. Tena ile namba inayotajwa mara nyingi ni wastani, ule mvumo wa ghafla unaong'oa mabati huwa juu ya hapo.

"Ni winter"

Wenzangu. Tuko kwenye ikweta, ukiendesha gari kidogo tu kutoka mjini kwenda Maseno unavuka mstari. Hatuna winter. Baridi ya Juni mpaka Agosti ni ya Nairobi na ya miinuko, na hata hapa magharibi haifanani, Kisumu mchana wa Julai unafika nyuzi 28 hivi, ziwa liko mita 1,134 juu ya bahari, na Nakuru iko kama mita 1,850, lazima huko uvae sweta. Halafu wakati Nairobi ni wingu kavu lisilonyesha, Kitale na Kakamega Agosti wanalowa kweli kweli. Utabiri wa taifa hutuweka sisi sote kwenye fungu moja, Kisumu, Kericho, Nakuru, Bungoma, West Pokot, jina la eneo lenyewe ni refu kama tangazo la kifo kwa redio. So ukisikia "mvua sehemu chache" haimaanishi mvua kidogo, inamaanisha sehemu chache kati ya hizo zote, na hiyo sehemu moja inaweza kuwa kwako na ikunyeshee vibaya sana.

Zingine nipitie mbio. Gugumaji likitoweka mbele ya Hippo Point sio ati limeisha, upepo umelihamisha na utalirudisha. Samaki wakifa kwenye keji, vile vizimba vya kufugia samaki ziwani, asubuhi moja, kabla hujasema adui ameweka sumu, kumbuka upepo mkali hukoroga ziwa na kupandisha maji ya chini yasiyo na oksijeni. Na sio kila chombo kinachozama ni upepo, MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996 na MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018, yote ilikuwa imebeba watu kupita kiasi.

Imebaki Nyawawa, zile roho zinazosemwa hupita na upepo. Hapa naenda polepole kwa sababu nyanya yangu ananisikia. Jioni upepo ukija na sauti kutoka ziwani watu wanatoka nje kugonga masufuria ili hizo roho zipite, na mimi mwenyewe nimegonga nikiwa mdogo mpaka nikatoboa moja. Upepo wenyewe una sababu zake, nimeshazieleza hapo juu. Kuhusu zile sauti, mabati yaliyolegea na miti inayosuguana inaweza kutoa kilio cha kusimamisha nywele. Ukitaka kugonga gonga, ila ingiza omena ndani kwanza.

Kuhusu hema, imejulikana fundi hakupiga vigingi, alifunga kamba kwa mawe na kwa mguu wa meza ya chakula. Mwenye hema anasema ni kazi ya Mungu, mwenye choo anataka mabati yake. Wote wanaenda kwa chifu Jumanne na nimeitwa shahidi, na najua tu swali la kwanza nitakaloulizwa ni kama simu haikusema hakuna mvua.