Mwacheni mzee aende Marikiti

"Daktari, Baba tumempumzisha. Hatumwachii hata kwenda kununua sabuni."

Maneno hayo husemwa kwa fahari, na wanaoyasema ni watoto wanaowapenda wazazi wao. Natibu viungo hapa Mombasa, na wastaafu ndio wengi katika wagonjwa wangu: waliofanya kazi bandarini, reli, shuleni, afisini. Walistaafu wakipanda ngazi bila kushika ukuta. Miaka miwili baadaye naletewa mtu asiyeweza kuinuka kochini bila kuvutwa mkono. Nyumbani wanalaumu umri, baridi yabisi, upepo wa usiku. Mimi nalilaumu kochi, na nimechoka kulisema hili chumbani kwa mtu mmoja mmoja.

Dhana: "Ameshafanya kazi ya kutosha, sasa kazi yake ni kupumzika"

Mfanyakazi wa serikali hapa Kenya hustaafu akiwa na miaka 60. Wengi wana miaka mingi mbele yao, na ni misuli itakayoamua wataiishi vipi. Kuanzia miaka ya thelathini mtu hupoteza kadiri ya asilimia 3 hadi 8 ya misuli yake kila miaka kumi, na baada ya 60 kasi inaongezeka. Kupumzika hakuuzuii upotevu huo. Kunauharakisha. Siku 10 tu za kulala kitandani humpunguzia mzee mwenye afya njema misuli na nguvu za miguu kwa kiasi kinachopimika. Sasa fikirieni miaka miwili ya kochi.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2020: dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, kazi ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi, na kwa waliofika miaka 65, mazoezi ya kujenga nguvu na kusimama imara siku 3 au zaidi. Nikiyataja haya, familia huniuliza kuhusu jimu. Sizungumzii jimu. Nazungumzia wiki ambayo mzee alikuwa nayo kabla hamjamnyang'anya.

Itazameni wiki hiyo. Jumatatu asubuhi yuko Marikiti, anachagua nazi na ndizi, anazunguka kwenye viungo vya mapishi, anarudi na kikapu. Jumanne anavuka Likoni kumjulia hali ndugu yake. Anayevuka kwa miguu halipi feri, na ule mteremko wa kwenda na kupanda ni zoezi la mapaja ambalo ningelipanga mimi mwenyewe kama lisingekuwepo. Katikati ya wiki ana shughuli ya benki, au dawa za kuchukua. Ijumaa yuko msikitini, au Jumapili kanisani. Jioni moja au mbili anakwenda ufukweni Mama Ngina na wenzake, wanatembea chini ya mibuyu kabla ya kukaa kula mihogo ya pilipili na ndimu. Nusu saa ya mwendo kwa siku tano ni dakika 150. Kikapu ndicho kilichokuwa kinaimarisha misuli.

Halafu mapenzi ya watoto yakaingia. Sokoni anatumwa wa bodaboda. Bili ya maji na stima zinalipwa kwa simu. Msikiti ni nyumba ya nne, lakini mzee anaitiwa tuktuk. Kilichobaki katika wiki yake ni televisheni na kuulizwa kama ameshakula.

Nikiweza kuwaomba watoto jambo moja tu, ni hili: mwacheni mzee aende Marikiti. Mkihofia msongamano, fuataneni naye, lakini msimpokonye mzigo. Mimi hupendekeza mifuko miwili, mkono huu na huu, uzito uwe sawa, kuanzia kilo mbili kila upande. Mfuko mmoja mzito upande mmoja ndio unaouchosha mgongo. Mwendo uwe wa kuweza kuzungumza lakini usiweze kuimba. Kusimama kila duka kuamkiana kuna faida zake, na siwakatazi, lakini kati ya duka na duka mguu uende.

Mnaotaka kujua hali ya mzee wenu, mpimeni leo. Kiti kigumu kisicho na mikono, kiegemee ukuta. Mikono aikunje kifuani, asimame wima na kukaa, mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Simama karibu naye. Mwanamume wa miaka 60 hadi 64 anatakiwa afikishe 14, mwanamke 12. Wa miaka 65 hadi 69, mwanamume 12 na mwanamke 11. Akipungukiwa, miguu imelegea na hatari ya kuanguka imeongezeka. Lakini nguvu hurudi. Hata watu waliopita miaka 90 wameongeza nguvu za mapaja kwa wiki chache za mazoezi ya uzito. Sijui kwa nini habari njema kama hii haisambai mitaani kama inavyosambaa ile ya mafuta ya kuchulia.

Dhana: "Goti likiuma, lisiguswe"

Hii ni ndugu ya ile ya kwanza. Gegedu la goti, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, halina mishipa ya damu. Linapata chakula chake katika ute wa kiungo, nao huingia na kutoka goti linapobanwa na kuachiliwa, yaani linapotumika. Kwa goti lililochakaa kwa umri, mazoezi ni tiba ya kwanza, kabla ya sindano na kabla ya kisu. Kanuni ninayowapa wagonjwa ni nyepesi: maumivu kidogo wakati wa kutembea yanakubalika, mradi kufikia kesho yake goti liwe limerudi lilivyokuwa. Goti lililovimba ghafla na kuwa la moto, hilo lije hospitali.

Kwa Waislamu naongeza neno. Wengi wakianza kuhisi goti hukimbilia kusali kwenye kiti. Mimi si shehe, na asiyeweza kweli kushuka ana ruhusa yake. Lakini rakaa 17 za faradhi kwa siku ni kushuka sakafuni na kuinuka tena mara nyingi mno, na anayeacha kuinuka kutoka sakafuni atakuja kushindwa siku aangukapo akiwa peke yake nyumbani. Kabla ya kuhamia kitini, njoo tujaribu kukurudisha.

Dhana: "Baraza ni kupoteza wakati"

Wake na watoto hunilalamikia: alasiri nzima mzee yuko barazani, dhumna, bao, karata, kahawa tungu. Nami huwajibu kwamba anatibiwa. Jopo la jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2024 liliorodhesha vihatarishi 14 vya ugonjwa wa kusahau ambavyo vinaweza kurekebishwa, na miongoni mwao ni upweke wa kukosa watu, masikio yasiyosikia na mwili usiotembezwa. Kwa makadirio yao, karibu nusu ya visa vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Kina mama vilevile: chama, maulidi, kusuka ukili pamoja, kwenda kusaidia harusini. Bi mkubwa akianza kukataa mialiko, mpimeni masikio kabla hamjasema ni uzee. Nataka kitu kimoja tu kutoka barazani: kila bao likiisha, inuka, nenda mpaka kona, rudi.

Dhana: "Siku ya matembezi, punguza maji"

Eti asisumbuke njiani. Kiu ya mzee hupungua nguvu, kwa hiyo ataishiwa maji kabla hajaihisi, na jua la kaskazi hapa Mombasa halina huruma. Akiishiwa, atapata kizunguzungu ashukapo matatu, kisha ataanguka. Panga matembezi mahali penye choo, na maji anywe.

Dhana: "Chumvi ya bahari huponya viungo"

Chumvi haiponyi goti. Maji ndiyo yanayosaidia, kwa kuubeba mwili: ukisimama yakakufika kiunoni, miguu inabeba kama nusu ya uzito wako tu. Kwa mwenye magoti mabovu ni mahali pazuri pa kutembea. Nendeni ufuo wa Pirates na wenzenu, maji yakiwa yametulia. Siku za bamvua maji hujaa na kupwa kwa nguvu, basi chagueni siku za maji mafu, na asiingie mtu peke yake.

Dhana: "Bakora ni ya waliokwisha"

Mstaafu anakataa bakora, fimbo ya kutembelea, kwa aibu, anaacha kutoka, na tunarudi kwenye kochi. Bakora inamrudishia mtu barabara. Shida ni kwamba karibu kila anayeikubali huishika vibaya. Ishike kwa mkono wa upande usiouma. Goti la kulia likiuma, bakora iwe mkono wa kushoto, iende mbele pamoja na mguu unaouma, ibebe sehemu ya uzito wake. Urefu upimwe ukiwa umevaa viatu unavyotokea navyo, mikono ikining'inia: kichwa cha bakora kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, na ukiishika kiwiko kijikunje kidogo. Chini iwe na mpira. Mpira ukiisha mabonde, badilisha siku hiyohiyo, maana sakafu ya soko la samaki huwa majimaji. Na ndara zibaki nyumbani: kwa soko na feri, vaa kiatu kinachoshika kisigino.